Ulimi wa Chiriku

Jumatano, 10 Januari

Shule zimefunguliwa. Chiriku ameingia kidato cha pili na sketi niliyoishusha pindo mara mbili, maana mtoto huyu anarefuka kama kaahidiwa kitu huko juu. Tulimpa jina hilo akiwa na miaka miwili kwa sababu ya kuongea, na mpaka leo hajapumzika.

Karakana tumepokea makochi saba ya chumba cha kusubiria cha daktari wa meno. Sponji zote zimeoza. Kipara, mwenye karakana, anasema watu wakiwa na hofu hutoka jasho makalioni. Miaka kumi na moja namsaidia mzee huyu kuvalisha makochi na bado sijui lini anatania.

Daftari hili lilikuwa la vipimo. Vipimo vimeishia ukurasa wa nne, kwa hiyo nitaandika yangu.

Jumatatu, 15 Januari

Joto. Gundi inakauka kabla kitambaa hakijafika.

Jumamosi, 20 Januari

Baba Chiriku amebadilisha bomba la jikoni. Fundi bomba wa idara ya maji, na bomba la nyumbani kwake limevuja miezi mitatu. Chiriku alimshikia tochi na kumsimulia mambo ya shule bila kituo mpaka baba yake akamwomba ahamishie tochi mdomoni. Wakacheka wote wawili, kicheko kilekile cha kuvuta pumzi ndani.

Jumanne, 30 Januari

Chiriku kaja na kazi ya bayolojia. Wanasoma jinsi viumbe wanavyozaana na yale mtoto anayoyarithi kwa wazazi. Amechora jedwali lenye safu tatu: baba, mama, mimi. Baada ya chakula akatukagua kama askari. Ndewe za masikio, zimeachana na shavu au zimeshikana. Kidole gumba, kinapinda nyuma au hakipindi. Mstari wa nywele kwenye paji la uso. Mwisho akatuamuru tutoe ulimi na kuukunja kando kando kama bomba.

Wa baba yake ulilala tu kama mkeka. Wangu vilevile. Wa kwake ukajikunja vizuri hata ungeweza kupitisha kalamu. Baba yake akasema hiyo ndiyo alama ya mtoto wa fundi bomba. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumatano, 31 Januari

Chiriku amerudi kimya. Nilimwacha akamenya viazi vyote ndipo akasema.

Mwalimu wa bayolojia alipitia majedwali, akachukua la kwake, akalichora ubaoni. Akasema kukunja ulimi ni sifa yenye nguvu. Mtoto hawezi kuipata mpaka angalau mzazi mmoja awe nayo. Akaliuliza darasa: hawa wazazi wawili hawakunji, mtoto anakunja, hilo limewezekanaje? Ndipo yeye akatabasamu na kumwambia mwanangu, mbele ya wanafunzi themanini na tatu:

"Kamuulize mama yako."

Wakacheka. Anasema walicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia.

Nilimwambia mwalimu alikuwa anatania. Nikamwambia pia asimsimulie baba yake, asije akaudhika bure. Hayo nimeyasema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ijumaa, 2 Februari

Makochi ya daktari wa meno yamekamilika. Mazito.

Jumamosi, 3 Februari

Naandika mkasi ukiwa bado mezani.

Baba Chiriku alirudi mapema. Mwenzake kazini ana mtoto darasa lile lile. Yule mtoto kasimulia nyumbani, baba yake kasimulia kazini, na mume wangu kayasikia ndani ya shimo la bomba, akiwa amesimama kwenye tope, watu sita wakimsikiliza anavyopumua. Alipofika alikwenda moja kwa moja kwenye begi la mtoto. Akatoa daftari, akalifungua mezani mbele yangu. Chini ya jedwali palikuwa na kalamu nyekundu: *Haiwezekani. Hakikisha.*

"Hii ni nini?"

"Ni kazi ya shule."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

"Ukanyamaza."

Nilimwambia nimenyamaza kwa sababu ni upuuzi. Akasema upuuzi haufichwi, upuuzi unachekwa mezani. Na kweli tuliucheka mezani, siku moja kabla haujawa kesi. Nikamkumbusha. Hakunisikia. Alikaa, akaweka mikono yote miwili juu ya daftari kama anayezuia lisipeperuke, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti anayotumia akimwona mgonjwa:

"Mwaka ule nilipokuwa natandaza mabomba bondeni, nani alikuwa anakuja hapa?"

Mwaka ule kabla sijamzaa Chiriku. Alikuwa anarudi nyumbani kila mwisho wa mwezi, mabega yamebabuka jua, nami nampaka mafuta. Mwaka ule nilikuwa nashona mashati kumi na mawili kwa siku kwenye chumba kisicho na dirisha, nalala nimevaa nguo za kazini. Nani alikuwa anakuja? Usingizi ndio uliokuwa unakuja, na wenyewe ulikuwa haukai.

Nilichukua mkasi nikaanza kukata kitambaa cha mteja, nikakikata vibaya. Mita mbili nzima.

Chiriku alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi.

Jumapili, 4 Februari

Kalala sebuleni.

Jumatatu, 5 Februari

Yeye hakusema, mimi sikusema, Chiriku hakusema. Redio peke yake ndiyo iliyosema.

Alhamisi, 8 Februari

Nimekwenda shuleni. Nilijiandaa kukutana na mtu mzima mwenye kiburi. Nikaletewa kijana ambaye shingo yake inacheza ndani ya kola, mkononi ana kitabu kimoja kilichobandikwa gundi ya karatasi, na hicho ndicho kitabu cha darasa zima. Akaniamkia vizuri. Ningependa asingeniamkia.

Nikamwambia mimi ndiye yule mama anayetakiwa kuulizwa. Nimekuja, aniulize.

Alitazama viatu vyake. Akasema lile neno lilikuwa la kuchangamsha darasa, saa nane mchana wanafunzi wanasinzia.

"Darasa umeliamsha, mwalimu. Nyumba yangu umeilaza chini."

Akasema pole. Nikasema pole sikuifuata, nimefuata arudi darasani aseme amekosea. Hapo akanyooka. Akanifungulia ukurasa, akanionyesha mchoro wa ndimi mbili, akasema yeye anafundisha kilichoandikwa, na mtihani unatungwa kwa kilichoandikwa, na sayansi haina hasira. Nikamwambia mimi ninayo, na ninamjua baba wa mtoto wangu bila mchoro. Nikaona wazi kwamba hakuniamini. Kijana ambaye ningeweza kumzaa, ananitazama kwa huruma ya mtu anayejua siri yako.

Mkuu wa shule alinipokea akiwa amesimama, ili nisikae. Alisema kitabu kimepitishwa na wakubwa. Alisema na mambo ya ndani ya ndoa shule haiyaingilii. Nimecheka peke yangu njia nzima kwa hasira. Wameshaingia mpaka chumbani wakakunja shuka, sasa ndiyo wanabisha hodi.

Jumamosi, 10 Februari

Baba Chiriku kaenda kwa mama yake. Kachukua begi la vifaa na mashati matatu. Alipopita mlangoni alimgusa mtoto kichwani kidogo tu, kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa kitu cha kuazima. Miaka kumi na minne alimbeba mabegani, kamfundisha baiskeli, kakesha naye hospitali siku tisa za homa ya mapafu. Leo anamgusa kwa vidole.

Jumanne, 13 Februari

Nimeanza kuwaomba watu watoe ulimi.

Kipara alikuwa wa kwanza. Akaukunja bila hata kuuliza kwa nini, kisha ndipo akauliza. Nikamwambia yote. Aliweka nyundo chini. Jioni akaniletea habari kwamba mke wake hakunji, mtoto wao mkubwa anakunja, wa pili hakunji, wa tatu anakunja upande mmoja tu kama jani lililoungua. Akasema sasa na yeye ana wasiwasi na ule upande mwingine ni wa nani.

Nilicheka. Mara ya kwanza bila hasira tangu mwezi uanze, kisha nikaona aibu kwa kucheka.

Alhamisi, 15 Februari

Wateja tisa, ndimi tisa. Mmoja aliondoka na viti vyake.

Ijumaa, 16 Februari

Kaja karakana, kasimama kati ya fremu tupu za makochi. Kipara akakumbuka ghafla kwamba misumari imekwisha, akatoka.

Baba Chiriku alisema amefikiri sana. Anataka mtoto apimwe vinasaba, wote watatu tupimwe, jambo liishe. Alisema kwa upole. Kama angefoka ningeweza kumvumilia.

Nikamuuliza, kama majibu yatasema ni wako?

"Nitarudi nyumbani."

"Utarudi kwa nani?"

Hakuelewa swali. Nikamweleza polepole kama mtoto. Nikamwambia siogopi kipimo. Kipimo kitasema ninachokijua tangu siku nilipomzaa. Lakini nikikubali kupimwa leo kwa ajili ya ulimi, kesho utanipima kwa ajili ya kucha, na keshokutwa kwa ajili ya chongo la babu yako. Na mtoto atajua maisha yake yote kwamba alipelekwa kuhakikiwa kama noti.

"Neno langu halikutoshi?"

Akasema, "Nataka kuwa na hakika tu."

Nilikuwa nimeshika sindano ya upinde, ile ya kushonea migongo ya makochi. Nikaiweka mbali na mkono wangu. Nikamwambia aende.

Jumatatu, 19 Februari

Mvua ya kwanza. Imeingia karakana kwa mlango wa nyuma. Tumebeba sponji kichwani kama wakimbizi.

Alhamisi, 22 Februari

Leo nimemkuta mwanangu mbele ya kioo cha kabati na picha yetu ya harusi mkononi. Alikuwa anavuta ndewe ya sikio, anatazama picha, anavuta tena. Akageuka ubavu, akapima pua kwa kidole. Hakuniona. Alikagua uso wake kipande kwa kipande kama mtu anayetafuta nguo yake kwenye kamba ya majirani. Masikio akayapata kwa baba yake, nilimwona akitulia. Nyusi akazipata kwangu. Alipofika mdomoni akafumba.

Nilirudi jikoni kwa kunyata nikapiga sufuria ili ajue nimefika.

Usemi wake umekwisha. Anajibu ndiyo, hapana, sawa. Nilimuuliza mbona ananong'ona, akasema anaogopa ulimi utaonekana. Mtoto wa miaka kumi na minne anaogopa ulimi wake mwenyewe. Nilitaka kwenda usiku ule ule nikamburute yule mwalimu kwa tai yake, nimpitie na mume wangu, niwalete wote wawili wasikie mtoto anavyonong'ona. Badala yake nilimsuka nywele. Mikono yangu ilikuwa mizito, akasema, "Mama, unaniumiza."

Jumapili, 25 Februari

Mama mkwe kaja peke yake chini ya mwavuli uliokatika ubavu mmoja. Sijawahi kumpenda mama huyu na sijawahi kumkosea adabu. Nikamkaribisha, nikamwamkia, nikamwekea chai, nikajiweka tayari kwa vita. Niliamini yeye ndiye anayepuliza moto. Mwanawe yuko kwake wiki mbili, anakula, anafuliwa.

Alikunywa chai yote kabla ya kusema. Kisha akauliza Chiriku yuko wapi. Nikasema kwa rafiki yake. Akasema afadhali.

Alinisimulia jambo ambalo hajamsimulia mtu tangu ujana wake. Mume wangu alipozaliwa alikuwa mweupe, nywele zimelala, hafanani na mtu yeyote wa pande zote mbili. Baba yake alimtazama siku ya kwanza, akatoka nje. Hakumbeba miezi minne. Mama mkwe alirudishwa kwao mara mbili, mara ya pili kwa miguu, mtoto mgongoni, na wazee wakakaa kumjadili kama ng'ombe mgonjwa. Mwezi wa tano mtoto akaanza kukolea rangi, na paji la uso la babu yake likajitokeza. Basi wakamrudisha nyumbani. Hakuna aliyemwambia neno. Mumewe alimnunulia viatu.

"Hajui," akasema. "Na usimwambie."

Nikamuuliza, mwanawe alipofika na begi lake na habari ile, yeye alimwambia nini. Alijibu kama mtu anayekiri.

"Nilimpikia."

Hasira iliyonipanda sikuijua kabla ya leo. Ya mume wangu nimeizoea, ya mwalimu nimeizoea. Hii ilikuwa mpya. Nikamwambia, mama, wewe ulitembea njia hii hii kwa miguu, umeiona inanijia mimi, ukatia chumvi kwenye mchuzi. Hakujitetea. Alisema aliogopa. Akifumbua mdomo kunitetea, mwanawe atauliza amejuaje, na akijua, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili ataanza kujiuliza yeye mwenyewe ni wa nani. Akasema, "Ni mwanangu, nimfukuze?" Nikasema, "Na mimi ni nani?"

Tulikaa. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata tungesemezana tusingesikiana.

Alipoinuka aliniambia kuanzia kesho hampikii tena. Akaondoka na mwavuli wake mbovu, nami nikamsindikiza mpaka barabarani kwa sababu ya utelezi. Nimemwelewa. Kumsamehe bado.

Jumanne, 27 Februari

Siri ile inaniwasha. Ningeweza kumtumia Baba Chiriku ujumbe wa mstari mmoja akajua uchungu huu unavyokaa mwilini. Nimeuandika mara mbili kwenye simu. Nimeufuta mara mbili. Nimefuta kwa ajili ya mwanamke aliyetembea na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe, ambaye leo ni mume wangu, hakuwa mawazoni.

Ijumaa, 1 Machi

Mvua. Mbao zimevimba, droo haifunguki.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeitwa shuleni. Chiriku hajaingia kipindi cha bayolojia wiki tatu. Anakwenda kukaa chooni mpaka kengele ilie. Aliyegundua ni yule mwalimu mwenyewe, lakini hakuwa ofisini. Mkuu wa shule alinipa karatasi ya onyo nitie saini. Nimetia. Nimekandamiza kalamu mpaka meza yake imeandikika.

Alhamisi, 7 Machi

Saa kumi jioni mvua ikiwa kali, mwalimu wa bayolojia akatokea karakana, amelowa mpaka soksi, daftari kalificha ndani ya shati. Kipara akamtazama, akanitazama, akanisogezea nyundo karibu. Sikujua kama ni mzaha.

Sikumpa kiti. Akazungumza amesimama.

Alisema alipoona nafasi ya Chiriku tupu alikwenda kumtafuta, akamkuta nje ya vyoo amekaa juu ya ndoo, anasoma kitabu cha jiografia. Akamwambia arudi darasani. Chiriku akamuuliza swali moja. Kidato cha kwanza kuna mapacha wa kufanana, hata walimu huwachanganya. Mmoja anakunja ulimi, mwingine hawezi. Damu yao ni moja, wametoka yai moja. Mwalimu, hilo limewezekanaje?

Aliwaita wale mapacha akawaona kwa macho yake. Kisha akafanya alichopaswa kufanya kabla ya kufungua mdomo: aliwapa wanafunzi wa madarasa yote jedwali la kupeleka nyumbani, bila majina. Akanifungulia daftari. Wanafunzi kumi na moja, ukimtoa Chiriku, wanakunja ulimi na wazazi wao wote wawili hawakunji. Kumi na moja, shule moja. Akamwandikia mwalimu wake wa zamani wa chuo. Yule akamjibu siku hiyo hiyo kwamba jambo hili limejulikana kwa miaka mingi. Ulimi haufuati ile kanuni ya kitabuni. Vinasaba vina sehemu, na kuna mengine ambayo hayarithiwi, hata mazoezi yanaweza kusaidia. Ndewe za masikio vilevile, haziko aina mbili, ziko za kila namna. Watunzi wa vitabu wanaendelea kunakiliana tu.

"Nimekosea, mama," akasema. "Kwa kitabu na kwa mdomo. Kitabu si changu. Mdomo ni wangu."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo mwezi mzima na nilidhani yatanipoza. Hayakunipoza. Nilimuuliza, wale kumi na moja wengine, mama zao wako wapi usiku huu? Miaka yote aliyofundisha somo lile, na wote waliofundisha kabla yake kwa kitabu kile, ni nyumba ngapi? Akasema hajui. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na akaanza kulia kidogo kidogo, akijifanya ni mvua.

Nikampa kiti. Hakikuwa na sponji bado.

Akasema atatangaza darasani kesho, na kwenye mkutano wa wazazi siku ya kufunga shule. Mkuu wa shule amemkataza. Akasema pia kwamba mtihani wa muhula unatungwa nje na kusahihishwa nje, na swali lile hutokea kila mwaka, na jibu wanalolitaka ni lile la kitabu. Hilo hawezi kulibadilisha.

Ijumaa, 8 Machi

Ametangaza. Chiriku anasema hakuna aliyecheka. Pia anasema hakuna aliyemwomba radhi, ila msichana mmoja alimpa nusu ya andazi.

Alhamisi, 14 Machi

Mtihani wa bayolojia. Swali la saba: baba hakunji ulimi, mama hakunji ulimi, je, mtoto wao anaweza kukunja? Eleza. Alama nne.

Nilimuuliza ameandika nini. Jibu wanalolitaka analijua, angeweza kuandika neno moja akachukua alama zake.

"Nimeandika anaweza, na huyo mtoto ni mimi."

Nimegeuka upande wa jiko. Alama nne zimekwenda, na nisingezibadili kwa mia.

Ijumaa, 22 Machi

Shule imefungwa. Mkutano wa wazazi ulikuwa kwenye ukumbi, madirisha yamefungwa kwa mvua, watu zaidi ya mia mbili na harufu ya makoti mabichi. Nilikaa mbele. Baba Chiriku aliingia kwa kuchelewa akasimama nyuma. Amekonda. Mama yake kweli hampikii, na chakula cha vibandani kimeanza kuonekana mwilini mwake.

Mkuu wa shule alisoma taarifa ya ufaulu, ya vyoo, ya paa. Akafunga kikao. Hapo kijana akasimama, mkuu akamwonyesha kwa mkono akae, hakukaa. Alisema kwa sauti iliyokuwa ikimkimbia kwamba alifundisha jambo lisilo kweli, akaongeza juu yake mzaha uliomvunjia heshima mzazi, na kwamba katika shule hii tu kuna watoto kumi na wawili wanaokunja ulimi ambao wazazi wao hawakunji. Akaeleza habari ya ulimi kwa maneno rahisi. Akaeleza mapacha. Akasema mtu yeyote aliyemshuku mwenzake nyumbani kwa sababu ya somo lake, kosa ni la mwalimu.

Hapo nikaona jambo ambalo sitalisahau. Mwanamke mmoja wa safu ya tatu, simjui, alijifunika uso kwa kanga akatoka nje haraka. Mwingine akatoka nyuma yake. Sikuwafuata. Nilijua wanakokwenda: mahali popote pasipo na watu.

Nje, kwenye baraza, Baba Chiriku alinijia. Uso wake umefunguka, ametua mzigo. Alinishika mkono mbele za watu, jambo asilolifanya.

"Basi, mama. Twende nyumbani. Yameisha."

Nikautoa mkono wangu. Nilimwambia polepole, kwa sababu nilitaka kila neno lifike. "Uliamini kitabu ukaondoka. Umemwamini mwalimu umerudi. Mimi uliniamini lini?"

Watu walikuwa wanapita katikati yetu na miavuli. Nikamwambia mtoto yuko nyumbani, akitaka kuja aje, lakini asije kwangu kwanza.

Jumapili, 24 Machi

Amekuja leo mchana, na begi. Nilimwekea sahani kwa sababu wakati wa kula ulikuwa umefika, si kwa sababu nyingine.

Alimwomba Chiriku radhi. Nitasema haki: hakuzungukazunguka. Alisema alipotezwa na maneno ya watu, akawa mjinga, akamkosea yeye na mama yake, na kwamba yeye ni baba yake na hatoliuliza hilo tena. Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Nilidhani atasema sawa, kama anavyosema siku hizi. Akasema kwa sauti yake kamili, ambayo sijaisikia tangu Januari:

"Baba, na kama mwalimu asingesimama?"

Baba yake alitazama sahani. Nilingoja aseme uongo. Ungekuwa rahisi, na mtoto angeupokea, na mimi labda ningeuacha upite ili nyumba ipumue. Mwisho akasema ukweli.

"Ningekuwa bado kwa bibi yako."

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Akainuka, akakusanya sahani, akaenda kuosha, na baada ya muda baba yake akamfuata akasimama kando yake na kitambaa cha kufutia. Mimi nilibaki mezani na hasira yangu yote, haijapungua hata kijiko, nikimtazama mgongoni yule mwanaume ninayempenda ambaye hakunijua.

Sijamwambia arudi na sijamwambia aondoke. Begi lake liko mlangoni bado. Kesho tuna makochi matano ya ofisi ya posta, lazima niamke mapema. Swali la mtoto Baba Chiriku amelipata, na akae nalo, kama mimi nilivyokaa na lake, la nani alikuwa anakuja, wiki saba.